Mkoba Wenye Kucha

Mume wangu wanamwita Bwana Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa kushona. Wa kushona ni mimi. Tuna chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara, tumekigawa kwa pazia: upande wa dirishani cherehani yangu, upande wa ukutani kompyuta yake, skana, printa, na kiti cha kuzunguka ambacho hamruhusu mtu kukikalia. Mimi nakata vitambaa. Yeye anakata watu.

Kazi yake ni kutengeneza picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe. Watu humletea vipicha vilivyokunjika kwenye pochi, vilivyotafunwa na mende, vilivyomwagikiwa uji. Anaviweka kwenye skana, anafuta mikwaruzo, anaondoa madoa, anaongeza weusi palipofifia na weupe palipofubaa, kisha anatoa picha kubwa ambayo mwenyewe akiiona machozi yanamlengalenga. Kwa hilo sina neno, ni fundi. Nilimwona akimrudishia mzee mmoja jicho la baba yake lililotobolewa na mende, na yule mzee akasimama wima akaipigia picha saluti. Kasoro yake ni moja tu. Hawezi kuona picha akaiacha na kingo zake.

"Picha ni kama nyama," ndivyo anavyosema. "Toa mafuta, toa mfupa, bakiza mnofu."

Sawa, lakini nani kamwambia mnofu ni upi? Dereva mmoja alileta picha ya marehemu baba yake ameegemea gari. Gari lenyewe la kuazima, ila ndilo lililomfanya aende kupiga picha. Bwana Mkasi akaona gari linamvuruga mzee, akalikata. Kikabaki kioo cha pembeni kinachungulia kwapani, na mzee wa watu ameinama hewani kama aliyeshikwa na kiuno. Picha ya kwaya nayo alimkata mwalimu wa kwaya, eti kasimama vibaya. Waimbaji wote wamepanua midomo, wametumbulia macho patupu, utadhani wameona jini. Hapa mtaani watoto wakipigwa picha wanapigania katikati, na ukiwauliza kwa nini, wanajibu: "Pembeni Mkasi anakata."

Na nyumbani ni yale yale. Umtume harusini nawe ubaki na kazi zako, akirudi umwulize habari, atakwambia, "Watu walikuja, walikula." Basi. Nani kavaa nini, nani kagombana na nani, nani kaondoka na chakula kwenye mkoba, yote kakata. Shangazi yake alipofariki nilimwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akafikiri weee, akasema, "Mrefu."

Hata kunichumbia alinichumbia kwa kukata. Nilikuwa nimesimama na binamu yangu nje ya duka la vitambaa. Akatokea kijana mwembamba, akainua mikono, akatengeneza dirisha kwa vidole, akafumba jicho moja, akamwambia binamu yangu, "Dada, samahani, sogea kidogo, unaingia." Binamu yangu mpaka leo hajamsamehe. Mimi nilicheka, na kucheka kwenyewe ndiko kulikoniponza, nikaolewa.

Zama hizo hakuna cha kompyuta. Alikuwa na chumba cha giza huko uani, kijichumba alichokiziba kila ufa kwa magunia, ndani taa nyekundu tu. Ukifungua mlango mwanga unaingia, karatasi zinaharibika, kwa hiyo hakuna aliyeufungua, hata mimi mkewe. Nikigonga nasikia sauti kama inatoka kaburini: "Usifungue!" Chakula chake nilikiacha mlangoni kama cha mfungwa. Na kitu alichokuwa akinidai kutwa ni chai ya rangi, nzito, haina sukari, birika zima. Nikidhani mwenzangu ana kiu. Kumbe anaogeshea picha! Picha nyeusi na nyeupe ukiiloweka kwenye chai, ule weupe unageuka kahawia ya kupendeza, picha inaonekana imezeeka kwa heshima zake. Picha zetu zote za harusi zina rangi hiyo. Zimetundikwa hapa chumba cha mbele, juu ya cherehani yangu, na kila mteja lazima azisifu.

Sasa hiyo harusi ndiyo iliyotuletea balaa.

Mama yangu ana dada mmoja tu, Mama Mkubwa wangu. Siku ya harusi, kwa ajili ya kupikia ule umati, mama aliazima sufuria la dada yake, lile kubwa ambalo ukiligonga linalia kama kengele ya shule. Harusi ikapita. Watu walikuja, walikula. Sufuria likarudishwa kwa mwenyewe. Mfuniko haukurudi.

"Sufuria langu lilikwenda na kofia," Mama Mkubwa akasema, "limerudi kichwa wazi."

"Nilichopewa ndicho nilichorudisha," mama akajibu.

Mama Mkubwa akasema tangu azaliwe hajawahi kuitwa mwongo. Mama akasema basi watu wamechelewa. Na hapo hapo wakanuniana. Miaka yote ya ndoa yangu, jamani! Nimezaa, nimelea, watoto wameota ndevu, na watu wazima wawili, ndugu wa tumbo moja, hawasemeshani kwa ajili ya mfuniko. Ukiwakalisha meza moja mama atanigeukia mimi: "Mwambie huyo anisogezee chumvi." Na Mama Mkubwa atanijibu mimi huyo huyo: "Mwambie chumvi hii hapa, ila imekuja bila mfuniko." Nusu ya maisha yangu nimekuwa mtu wa katikati, na kazi yenyewe haina hata ahsante.

Ndipo ikaja habari kwamba Mama Mkubwa anahama. Mwanawe amejenga huko mbali, mji ambao ukipanda basi unalala njiani, anamchukua akakae naye. Kwa umri wao wale wawili, akishapanda lile basi huenda wasionane tena, labda mmoja aje kumzika mwenzake. Hilo tulilijua sote na hakuna aliyelitamka. Mama aliendelea kupepeta mchele wake kama hana habari. Mimi roho ilikuwa inaniuma, sitaki kusema uongo.

Wiki hiyo mama akapita dukani kwetu nami sipo, nimetoka kununua vifungo. Niliporudi nikamkuta Bwana Mkasi na picha mkononi, uso unang'aa.

"Mama alikuja."

"Kasema nini?"

"Kaleta picha."

Unaona? Habari imeshakatwa. Nikamkamua kama chungwa, ndipo nikapata nyingine.

Picha yenyewe ni ya wasichana wawili. Mama yuko katikati, mdogo, miguu peku, kavaa gauni la maua, anaitazama kamera kama anatazama mbwa mkali. Pembeni kulia ndipo alipo Mama Mkubwa, lakini huyo uambiwe, kumwona humwoni. Kasimama chini ya paa, kivuli kimemmeza, na picha nayo imechoka. Kabaki weusi mtupu wenye umbo la mtu. Kitu chake kinachoonekana ni mkono tu, umetoka kivulini ukamshika mdogo wake begani.

"Kaniambia, 'Mkwe wangu, huyu dada yangu hapa pembeni, nataka atoke.'"

"Atoke?"

"Atoke. 'Fanya ufundi wako wote, atoke kabisa.' Halafu kasema nisikwambie."

"Atoke vipi?"

"Kutoka nako kuna vipi? Atoke!"

Damu ikanipanda kichwani. Yaani mama yangu ndiye huyu? Dada yake anaondoka, na badala ya kwenda kumshika mkono anamfukuza hata kwenye picha! "Na wewe ukakubali?"

"Nimkatalie mama mkwe?"

"Hukumwuliza hata kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia akampige mama kofi. "Mama mkwe anahojiwa?"

Hapo tumpe haki yake. Mbele ya mama yangu mume wangu anakuwa kama mwanafunzi kwa mwalimu mkuu. Mama akisema "karibu kiti" yeye anakaa hata kiti hakijaja. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hao wahenga hawakumjua mama mkwe wake. Na tusidanganyane, hamu ya kuuliza hakuwa nayo. Miaka nenda miaka rudi anakata watu kwa kuibia, anatukanwa. Leo kaambiwa kwa mdomo, tena na mkubwa. Alikuwa na furaha ya mbuzi aliyekuta shamba la mahindi halina mwenyewe.

Mimi nikamnunia mama. Alipopita kuniletea mboga nilimwitikia kwa ncha ya midomo.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Basi kama huna kitu usinitolee macho," akasema, akaenda zake.

Kumkata Mama Mkubwa hakukumpa shida mume wangu. Alivuta ukingo wa picha hadi karibu na bega la mama, akabonyeza, kwisha. Kilichomtoa jasho ni mkono. Mwenye mkono kaondoka, mkono umebaki begani pa mama, vidole vinne, hauna mbele wala nyuma. Aliufuta, bega likawa bapa kama ubao. Akachukua maua ya gauni akayanakili juu ya bega, yakabanana pale kama nzi kwenye kidonda. Akafuta, akaanza upya, huku anaongea peke yake. Nilikuwa napindia suruali ya watu upande wa pili wa pazia, nasikia tu: "Ondoka. Ondoka basi. Nakwambia ondoka!"

Halafu, "Mke wangu! Njoo uone akili!"

Nikaenda. Lo! Vile vidole vinne kavinyoosha, kaviunganisha, kavitia mikunjo ya ngozi ya ng'ombe, vimekuwa mkanda. Mkanda unashuka ubavuni, na chini yake kamning'inizia mama mkoba, mkoba wa maana, una hadi bizimu ya kufungia, kautoa kwenye picha ya mke wa mwalimu mmoja.

"Wakati huo mama hakuwa na hata viatu," nikamwambia.

"Sasa ana mkoba," akasema.

Akaitia picha rangi ya chai, hii ya siku hizi ya kubonyeza tu, akaitoa kubwa, akaitia fremu, akaifunga kwa karatasi ya kahawia na kamba. Nikasema potelea mbali, waache na chuki zao.

Jumamosi mama akaja kuchukua picha yake. Hakuja peke yake. Nyuma yake, amevaa nguo zake za kutokea, amejifunga kilemba, uso mkavu kama unga, Mama Mkubwa.

"Nimekuja kuwaaga," akatuambia mimi na mume wangu. "Basi langu ni kesho."

"Nimemkuta njiani," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyemvizia mwenzake tangu asubuhi.

Wakakaa, huyu pembe hii, yule pembe ile. Mama akakohoa, akashika shika mtandio wake, akanigeukia mimi. "Mwambie nina kitu chake."

"Mwambie namsikiliza," Mama Mkubwa akasema, anatazama dari.

"Mwambie ni zawadi ya safari. Ile picha yetu ya utotoni. Mwambie nilimpa mkwe aitengeneze, nikamwambia afanye ufundi wote dada yangu atoke, maana pale alikuwa hajatoka hata kidogo."

Kutoka! Mungu wangu, kutoka! Nani asiyejua? Mtu akipigwa picha si ndilo swali lake la kwanza, nimetoka? Umetoka! Sijatoka, nimefumba macho! Neno hilo mume wangu analisikia dukani kwake kutwa kucha, na siku aliyoambiwa na mama mkwe wake akalisikia kama mlinzi wa getini.

Nikamtazama. Alikuwa ameshika ule mzigo kifuani, kawa mweupe kama karatasi zake. Mama akanyoosha mkono.

"Haijakauka!" nikapiga kelele.

"Si ya mashine? Hebu leteni."

"Fremu ina ufa!"

"Ntaishika taratibu."

"Ina kunguni!"

"Mwambieni," Mama Mkubwa akasema, "nimelala na kunguni kabla ninyi hamjazaliwa." Akaupokea mzigo, akafungua kamba polepole, akaikunja, akaitia kwapani isipotee. Akaondoa karatasi. Akatafuta miwani. Akavaa.

Tukasikia cherehani ya jirani inalia nyumba ya tatu.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Na mimi?"

Mama akainuka akaja kuchungulia. Akaangalia picha. Akaangalia nyuma ya picha. "Mkwe wangu," akasema, "dada yangu yuko wapi?"

"Ametoka, mama," mume wangu akajibu, sauti kama ya mbu.

"Ametoka kaenda wapi?"

"Si ulisema atoke, mama?"

"Nilisema atoke! Nani kasema atolewe?"

Mama Mkubwa hakuwa anawasikiliza. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya kioo, kinapanda na ule mkanda, taratibu, mpaka begani. Kikasimama.

"Huu mkoba," akasema, "una kucha."

Tukainama sote. Kweli bwana! Pale juu kabisa mkanda unapoishia, Bwana Mkasi na ufundi wake wote alikuwa amesahau kidole kimoja, na ukucha umekaa unang'aa, umetiwa rangi ya chai vizuri kabisa.

"Na ukucha ni wangu. Huu hapa, uliopasuka kati. Nilijibana na mlango." Akainua mkono wake, na kweli, ukucha ule ule, ufa ule ule. Kicheko kilinijia nikakimeza, kwa sababu midomo ya Mama Mkubwa ilikuwa inatetemeka. Akaiweka picha juu ya meza yangu ya kukatia, akasimama. "Ahsante. Nilikuwa najiuliza, leo kaniandama barabara nzima ana nini. Kumbe kaniita nije nione nilivyokatwa, nikashonwa mkoba. Mfuniko haukumtosha."

"Dada, sivyo!" mama akasema. Alimwambia mwenyewe, hakumwambia mtu wa katikati. Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, na mimi nikaliona lile basi la kesho linaondoka naye, ameketi dirishani, haangalii nyuma. Nikahisi uchungu ambao hata msibani sijawahi kuuhisi.

Ndipo Bwana Mkasi akafanya kitu sijapata kumwona akifanya. Alikwenda akasimama mlangoni, akapanua mikono akashika miimo, akazungumza. Mume wangu! Alizungumza bila kukata.

"Mama Mkubwa, kosa ni langu mimi, mdogo wako usimwonee. Alikuja hapa ameishika hiyo picha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akasema, 'Mkwe wangu, kila nikiitazama hii moyo unaniuma. Sipendi kumwona dada yangu gizani namna hii, yeye hakuwa mtu wa gizani. Nataka atoke.' Ndivyo alivyosema. Mimi nikabakiza 'sipendi kumwona' na 'atoke'."

"Na hayo mengine yote mbona hukuniambia?" nikamfokea.

"Niliona ni ya pembeni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amejifunika mtandio usoni. Mama Mkubwa akamtazama mdogo wake, akamtazama mkwe, akauliza, "Na mimi bado nimo humo kwenye mashine yako, au ulinifagia?"

"Umo, mama. Picha halisi sigusi. Nipe nafasi kidogo tu."

Akamkalisha kwenye kile kiti cha kuzunguka. Mimi mkewe sijakikalia! Kikamzungusha akatazama ukuta, tukamrudisha. Mume wangu akaifungua picha yenyewe, ile ya kwanza, na kingo zake zote, paa, kuku aliyekatiza, yote. Akaanza kuinua mwanga pembeni kulia, kidogo kidogo, anagusa hapa, anaacha pale. Weusi ukaanza kuachia. Ikatokea kola. Ikatokea shingo na shanga zake. Halafu meno.

"Ni nini hicho?" Mama Mkubwa akauliza.

"Meno, mama."

"Nilikuwa nacheka?"

Na kweli alikuwa anacheka, kicheko cha mdomo wazi, macho yamebaki vijistari. Miaka yote picha hiyo ipo, hakuna aliyejua kwamba pale kwenye giza kuna mtu anacheka.

"Ulikuwa unanicheka mimi," mama akasema kutoka ndani ya mtandio. "Niliogopa kamera nikataka kukimbia. Ukanishika bega."

"Nilikubana kweli."

"Ulinibana mno! Nililala upande mmoja."

"Ungekimbia ungetuharibia picha. Ulikuwa mwoga wewe."

"Na wewe ulikuwa mbabe."

Wakaendelea hivyo, na hakuna aliyesema "mwambie". Nikawa sina kazi. Nikasimama pale na mkasi wangu wa vitambaa mkononi, machozi yananitoka, napangusia suruali ya mteja.

Sasa binadamu haridhiki. Picha ilipofika kwenye rangi, Mama Mkubwa akakunja pua. "Hii rangi gani? Kama maji ya bomba lenye kutu. Mimi nataka ile." Akaonyesha juu ya cherehani yangu, kwenye picha za harusi.

Hapo mume wangu kichwa kikavimba. Sifa zimeua wengi. "Ile haitoki kwenye kompyuta, mama! Ile ni chai yenyewe, na sinia lake. Ngojeni niwaonyeshe." Akakimbilia uani, kwenye kile chumba cha giza ambacho sasa tunawekea makopo ya rangi na viti vibovu. Tukasikia vitu vinaanguka. Akarudi na buibui nywelani, amebeba duara kubwa la bati, jeusi kwa chai iliyogandia, lina kingo zilizoinuka, na katikati tundu aliloliziba kwa nta ya mshumaa.

"Hili hapa! Picha zote za harusi zimeogea humu."

Mama Mkubwa akalipokea. Akalipima kwa mikono. Akaligeuza juu chini. Kisha kwa ule ukucha wake uliopasuka akaichokonoa ile nta mpaka ikatoka, ikadondoka sakafuni, tik.

"Mkwe wangu. Sinia hili ulilipata wapi?"

"Uani ukweni, siku ile ya harusi, karibu na vyombo. Lilikuwa na tundu, nikajua limetupwa."

"Hilo tundu," Mama Mkubwa akasema, "lilikuwa na kishikio."

Nilimwangalia mama. Mama alimwangalia dada yake. Halafu sote watatu, kama tumeambiana, tukainua macho ukutani. Tulikuwapo wote kule juu, bwana harusi, bibi harusi, mama na Mama Mkubwa wameshikana viuno, sote tumelowekwa kwenye mfuniko wa sufuria, na wateja miaka yote wanatusifia rangi. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa ndani ya fremu, na mimi ndiye niliyekuwa nakipangusa vumbi.

"Mkwe!" wakasema wote wawili, kwa sauti moja.

Mume wangu alirudi nyuma mpaka pazia likamfunika, ikabaki miguu tu. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Basi hawa walipatana, na mavuno yao ya kwanza akawa mume wangu. Huyu akiacha kumsema, yule anapokea. Uzembe wake, tabia yake ya kukata habari, chai ya watu aliyoimaliza, binamu yangu aliyeambiwa sogea, yote yalitoka siku ile. Halafu mama akaanza kucheka, Mama Mkubwa akafuata, wakacheka mpaka mama akaketi juu ya gauni la mteja lenye pini, akaruka, wakacheka upya.

Jioni walipoondoka Mama Mkubwa alichukua picha mbili. Ile nzuri aliyotoka, na ile nyingine pia.

"Hiyo ya nini, mama?" mume wangu akauliza kwa aibu.

"Naitundika kitandani. Kule ninakokwenda sina mtu wa kunichekesha."

Mfuniko akaubana kwapani. Mama naye akasimama, akaanza kugeuka huku na huku, anainua vitambaa vyangu. "Mkoba wangu jamani, niliuweka wapi?"

Mama Mkubwa akaupeleka mkono wake, akauweka begani pa mdogo wake, akabana.

"Huu hapa," akasema.

Wakatoka hivyo hivyo, wakashika barabara, mmoja analia mmoja anacheka, nami sikujua yupi ni yupi. Mkoba wa mama wa kweli ulibaki chini ya cherehani yangu, na hakuurudia mpaka keshoye, alipotoka kusindikiza basi.

Bwana Mkasi alikuwa ameinua kamera, akawapiga picha kutoka mlangoni. Imetundikwa sasa dukani, nyeusi na nyeupe, karibu na zile za harusi. Imejaa takataka: ndoo ya taka, nusu ya baiskeli, mgongo wa muuza mboga, na mguu wangu. Mama Mkubwa mwenyewe yuko pembeni kabisa, kilemba kinakaribia kutoka nje ya picha. Wateja wanaomjua mume wangu wanamtania, "Fundi, leo mkasi umepotea? Hata ndoo hujaikata?"

Naye hainui hata kichwa kwenye kompyuta yake.

"Humo," anasema, "hatoki mtu."